Mguu wa Kwanza Dukani kwa Mama Minh

Usiku wa jana niliota sina mke, sina gari, sina shahada, sina jino la mbele, na sina kivuli. Mke wangu alifariki mwaka jana, gari sikuwahi kuwa nalo, shahada niliikaribia, na jino liling'oka nikiwa macho, kwa hiyo hayo hayakunishangaza. Kivuli tu ndicho kilichonitia shaka. Lakini nikajiambia kwamba jua lilikuwa halijachomoza, na mtu hana haki ya kudai kivuli kabla ya jua.

Nilikuwa nimesimama mbele ya duka la Mama Minh, hapa mtaani kwetu Sinza. Ni duka dogo la familia ya Wavietnamu. Mama Minh anapika, mumewe anafunga, na mama mkwe, Bibi Ngan, anakagua kila kitu kabla hakijatoka. Wanauza supu ya tambi za mchele na nyama ya ng'ombe, ya kuchukua. Viti hakuna. Ukutani pana tangazo: HAKUNA KULA HAPA. KILA KINACHOTOKA KIFUNGWE.

Lazima nieleze jambo lililotokea mchana wa jana nikiwa macho, la sivyo ndoto haitaeleweka. Nilikwenda kununua supu yangu kama kawaida, Mama Minh akaniambia:

"Babu, keshokutwa ni mwaka mpya wetu. Kwetu, mtu wa kwanza kukanyaga ndani ndiye anayeuleta mwaka. Akiwa mzuri, mwaka mzuri. Tunakuomba uwe wewe."

"Mwaka huu unaoisha aliingia nani?"

"Jamaa wa umeme. Alikuja kukata."

Hakuhitaji kuendelea. Mtaa mzima uliujua mwaka wao: jokofu liliungua, mumewe alivunjika mguu, na nusu ya wateja walihamia kwenye chipsi mayai. Mwaka mwingine kama huo, alisema, wanafunga duka na kurudi kwao.

Nilikuwa nimekwishafungua mdomo nikubali, maana heshima ile ilinipendeza, pale Bibi Ngan aliponitazama toka utosini hadi unyayoni, akamwambia mkwewe maneno machache. Kiswahili cha bibi huyu ni "asante", "pilipili" na "subiri".

"Amesemaje?" nikauliza.

Mama Minh akainamia sufuria. "Anasema kwetu mwenye msiba haingii kwanza. Lakini mimi nakutaka wewe, Babu. Mtaa huu nani mwingine ana miguu ya heshima?"

Nikamwambia anipe muda nifikirie. Nikaenda nyumbani, nikafikiri mpaka usingizi ukanichukua.

Basi, ndotoni. Nimesimama mbele ya kizingiti, mguu wa kulia uko hewani, na siwezi kuushusha. Nyuma yangu mtu anakohoa. Nageuka. Ni Mwaka.

Mwaka ana urefu wa jokofu. Amevaa koti la mvua na amebeba mabegi kumi na mawili, mengine yanavuja. Anaonekana ametoka safari ndefu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Pita basi tuingie. Mimi siruhusiwi kukutangulia."

"Nafikiria."

"Fikiria upesi. Begi la Aprili lina mvua ndani, na chini limechanika."

Natazama ndani. Vyombo vimekaa kikao juu ya meza ya kukatia nyama. Mwenyekiti ni chupa ya mchuzi wa samaki. Nilimtambua kwa harufu, kwani sauti yake ilinifikia puani kabla ya kunifikia masikioni. Kulia kwake yuko upawa, kushoto mizani, na sufuria kubwa ameketi peke yake, amenuna.

"Jina?" anauliza chupa.

"Athanas Mkelemi, mpiga chapa mstaafu."

"Mke?"

"Marehemu."

"Gari?"

"Natembea."

"Huyu mbona hana kitu!" anadakia upawa. "Afadhali jamaa wa umeme, alikuwa na ngazi."

"Kijana," nikamwambia, "mimi nimesoma masomo ya jioni nikitoka kazini, miaka na miaka, wakati wenzangu wako kilabuni. Ngazi yangu iko kichwani."

"Ipande basi, tukuone."

Chupa akagonga meza kwa kizibo chake. Hapo duka likawa darasa langu la jioni. Madawati yaleyale ya zamani, ubao uleule, taa ileile inayopepesa, isipokuwa mwalimu alikuwa sufuria. Ubaoni pameandikwa swali moja: MWENYE MSIBA ANA UZITO GANI? Nikainua mkono niseme inategemea mazingira. Hakuna aliyenitazama. Wakanibeba wakaniweka juu ya mizani.

Mizani akafumba macho, akatulia.

"Hawa ni wawili," akasema.

"Wawili vipi? Mimi namwona mzee mmoja," alisema upawa.

"Mmoja ni mzee. Mwingine ni mwanamke, ana kanga ya bluu, na ana tabia ya kucheka peke yake jikoni."

Nikajua ni Prisila, mke wangu. Nilikuwa nimembeba tangu makaburini bila kumwambia mtu yeyote, nikidhani haonekani.

Darasa likarudi kuwa duka. Bibi Ngan akatokea nyuma ya jiko akijifuta mikono. Alizungumza Kiswahili sanifu kabisa, bora kuliko changu, jambo lililoniudhi kidogo.

"Bwana Mkelemi, wewe ni mteja wetu wa siku nyingi. Supu yako huwa tunaifungaje?"

"Tambi peke yake, mchuzi peke yake."

"Kwa sababu gani?"

"Tambi zikikaa ndani ya mchuzi njia nzima, zinavimba. Ukifika nyumbani unakuta uji."

"Vizuri. Sasa wewe mbona umekaa ndani ya msiba njia nzima?"

Nikajitazama mikono, nikajitazama miguu. Ilikuwa kweli. Nimevimba, na pembeni nimeanza kukatika.

"Mnataka niumwage?" nikauliza. "Kama ni kuumwaga, basi mtafuteni mtu mwingine. Duka lenu nalipenda, lakini siwezi."

Chupa aliacha kunuka kwa muda.

"Nani kasema kumwaga?" akauliza Bibi Ngan. "Mwaga mchuzi uone utakula nini. Sisi tunaufunga kando. Ukifika kwako, ukitulia, unaupasha, unamimina, unakula. Hiyo ndiyo supu."

"KILA KINACHOTOKA KIFUNGWE," lilisema tangazo ukutani, kwa sauti ya mtu aliyengoja siku nyingi aulizwe.

Wakanifunga. Miguu ilitiwa katika kikontena kirefu, kifua katika cha mraba, na kichwa katika cha duara, kifuniko kikatobolewa tundu la kutolea mvuke. Haikuuma. Kisha Bibi Ngan akaninamisha taratibu, na msiba ukamiminika katika kikontena chake mwenyewe mpaka ukingoni. Nilitarajia utakuwa mweusi. Ulikuwa mwangavu, umechujwa vizuri, unanukia mdalasini.

"Athanas," akasema Prisila kutoka humo ndani, "angalia kifuniko kishike. Na usinitikise njiani."

"Mama, hujambo?"

"Sijambo. Humu kuna joto zuri. Wewe ndiye umenishangaza, umekonda na kuvimba kwa pamoja. Nani alikufundisha hayo?"

"Nilikuwa nakulilia."

"Nililie, ni haki yangu. Lakini kwa wakati wake. Mimi sikuolewa na uji." Akacheka, kile kicheko chake cha jikoni. "Haya, ingia. Watu wa watu wanangoja mwaka wao."

Bibi Ngan akakifunga kikontena kwa mpira mwekundu wa kufungia. Kisha akachukua mpira mwingine kama huo, akauvuta mpaka ukalia, akanivisha kifundo cha mkono.

"Amekaguliwa," akasema.

"Kikao kinasemaje?" akauliza chupa.

"Mimi naona aingie," alisema upawa, "mradi asituhubirie masomo ya jioni."

Nikaushusha mguu. Ulishuka wenyewe, mwepesi, kama haukuwahi kuwa hewani. Kizingiti kikatoa pumzi kama mchukuzi aliyetuliwa gunia. Nyuma yangu Mwaka akajipenyeza mlangoni na mabegi yake, akakwama kiunoni, akasukuma. Begi la Aprili likapasuka, mvua ikamwagika sakafuni. Sufuria, aliyekuwa amenuna tangu mwanzo, akaangua kicheko hadi mfuniko ukaruka.

"Naomba kiti," alisema Mwaka.

"Viti hakuna," lilisema tangazo.

"Basi nitasimama mpaka mwakani," akajibu, na akasimama.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshafika kwenye pazia. Kifua kilikuwa chepesi hata nikakipapasa nione kama kipo. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia nilikuta mpira mwekundu wa kufungia, umenibana mpaka umeacha alama.

Mtu mwenye akili atasema umetoka kwenye supu niliyonunua jana. Nami nilisema hivyo. Nikaenda jikoni, nikafungua friji. Supu sikuwa nimeigusa. Kikontena cha tambi kina mpira wake, cha mchuzi kina wake, na Bibi Ngan haruhusu kikontena kimoja kifungwe kwa mipira miwili. Nimemfahamu miaka mingi, si mtu wa kupoteza mpira.

Nikaupasha mchuzi, nikamimina, nikaketi mezani. Nililia kiasi, nikala yote, nikaosha bakuli.

Jibu la jambo zito halipelekwi kwa mdomo. Nikachukua karatasi nikaandika: "Mama Minh na Bibi Ngan. Nimekubali. Kesho asubuhi nitaingia kwa mguu wa kulia. Marehemu mke wangu atakuwa nami, lakini kando, kama mnavyofunga ninyi mchuzi. Mama Minh, mwambie Bibi hivyo, ataelewa. Wenu, A. Mkelemi."

Nikaitia katika bahasha, nikalamba gundi, nikaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Nje alikuwa anapita Tausi, muuza vitumbua, ndoo kichwani. Nikamwita.

"Ya kwa Wavietnamu?" alisema akiitazama anwani. "Babu nawe! Si ni hapo tu, ungeenda mwenyewe?"

"Leo sikanyagi pale. Siku yangu ni kesho."

"Haya mambo yenu ya wasomi," akasema Tausi. Akaiweka barua juu ya mfuniko wa ndoo, akaishikilia kwa mkono mmoja isipeperuke, akaondoka nayo.