Asubuhi ya Ndege Kwenye Mnara wa Lorne

Mzee Bronius Stankus alishikilia kwamba jengo refu ni kama mtu mwenye heshima zake: livae viatu, liwe na kiwiliwili, na juu kabisa liwe na kofia. Mnara wa Lorne, ambako mimi ni bawabu, hauna viatu wala kofia. Ni vioo vitupu kutoka kwenye lami hadi ghorofa ya hamsini na nane. "Huyu katoka bafuni akasahau nguo," mzee alikuwa akiniambia, amesimama nje kwenye baridi, mikono mfukoni. Na aliyeuchora mnara huo ni binti yake wa kumzaa.

Mimi naitwa Odell Frazier. Nimefungulia watu milango katika mji huu wa Chicago miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo sijaona watu wawili wanaopendana na kubishana kama Bronius na Daina. Mzee alikuwa mwashi. Ujana wake wote aliupitisha kwenye jukwaa la kamba, akikwangua udongo uliooza kati ya matofali ya majengo ya zamani na kutia mpya, akiziba nyufa kwenye vigae vilivyochongwa maua na vichwa vya simba, huko juu ambako hakuna mpita njia anayeviona. Jengo lake la moyoni lilikuwa Monadnock, lile la matofali ya kahawia, ambalo ukuta wake wa chini una unene wa mtu mzima aliyelala. Daina alipokuwa mdogo, mzee alimpeleka pale Jumapili baada ya misa, akamwekesha kiganja ukutani. "Sikia," alimwambia. "Hili linajibeba lenyewe." Daina alisikia. Akakua, akasomea usanifu wa majengo, akayapenda majengo kama baba yake. Ila akapenda mengine.

Kila Alhamisi saa sita mchana walikula pamoja kwenye benchi la mawe mbele ya mlango wangu. Ilikuwa lazima iwe nje, maana mzee aliapa hatatia mguu ndani ya mnara ule. Alikuja na kugelis kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, vile viazi vya kukwaruza na kuoka vya kwao Lithuania, na kipande changu hakikukosa.

"Baba, tazama mawingu yanavyopita kwenye kioo," Daina alisema. "Jengo linabadilika kila dakika."

"Hata kinyonga hubadilika. Sijamwomba anipe pa kulala."

"Monadnock yako ni giza tupu. Mtu anawasha taa saa sita mchana!"

"Anawasha taa, lakini anajua yuko ndani. Humu mwako mtu akivua soksi, hadi mji wa Milwaukee unamwona."

Daina alicheka hadi akapaliwa na kiazi. "Odell, amua wewe."

"Mimi nayapenda yale magunzi," nikasema. Namaanisha ile minara miwili ya mviringo kando ya mto, iliyokaa kama magunzi ya mahindi.

Wakanigeukia wote wawili kama nimewatukania mama.

"Magunzi?" mzee akasema. "Lile gereji la magari lililovishwa vibaraza?"

"Odell, nilikuwa nakuheshimu," akasema Daina.

Ndivyo tulivyokuwa. Lakini kuna neno moja ambalo halikuwa la mzaha. Mnara ulipokuwa bado unajengwa, mzee aliitazama michoro mezani kwa binti yake, akasema, "Ndani ya sanduku lako hakuna hata kitu kimoja kilicho hai." Kesho yake Daina akaanza kuchora miti. Wenye jengo hawakuitaka, na alipigana nao miezi saba mpaka wakakubali: miti kumi na miwili mizima ndani ya ukumbi wangu, yenye urefu wa ghorofa tatu, na mbele yake kioo safi kama maji ili mpita njia aione. Siku ilipopandwa, mzee alisimama nje muda mrefu. "Miti si mibaya," akasema. Kwa Bronius, hilo lilikuwa shairi zima.

Hayo yote nimeyasema ili ieleweke kilichotokea Oktoba ile.

Vuli ikifika, ndege wa kaskazini huhamia kusini, na njia yao inafuata ukingo wa ziwa letu. Hupita juu ya mji kwa maelfu, nasi tumelala. Hali ya hewa ikiwa nzuri hupita juu sana. Lakini usiku ule upepo wa kaskazini ulikuja na manyunyu, wingu likashuka hadi kwenye ghorofa za katikati, nao ndege wakashuka nalo.

Niliingia zamu saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa sijavua koti niliposikia *tup*, kama mtu karusha mpira wa tenisi. Nikatazama nje, sikuona mtu. *Tup* tena. Nikatoka. Chini ya kioo walikuwa wamelala ndege wapatao ishirini, wadogo, wengine wa manjano, wengine shomoro wenye koo jeupe, na kigogota mmoja mkubwa ambaye bawa lake lilikuwa bado linafunguka na kujifunga. Nikiwa nimeinama, mwingine akanipita sikioni, akagonga, akaanguka juu ya kiatu changu.

Nikakimbilia swichi ya taa za ukumbi iliyo nyuma ya meza yangu. Nikabonyeza. Taa ziliendelea kuwaka. Nikabonyeza tena na tena kama mwendawazimu. Ndipo nikakumbuka tulivyoambiwa tulipoajiriwa: swichi ile ni pambo tu, taa za mnara zinaendeshwa na kompyuta, na kompyuta iko mji wa Phoenix, mbali kabisa. Nikapiga simu huko. Baada ya muziki mrefu akapokea kijana mwenye sauti ya usingizi.

"Zimeni taa za ukumbi wa Lorne," nikamwambia. "Ndege wanakufa."

"Ndege gani? Ndege ya abiria?"

"Ndege! Wenye mabawa!"

"Kuna moshi?"

"Hakuna."

"Maji yanavuja?"

"Hapana, lakini—"

"Basi hiyo si dharura, kaka. Andika ombi, ofisi inafunguliwa saa tatu."

Nilijipa moyo kwamba kukipambazuka watapona, wataiona njia. Nilikosea. Kulipopambazuka ndipo miti ilipoonekana vizuri. Ndege waliookoka usiku walikuwa wametua kwenye vichaka vya kando ya mto, wamechoka, wana njaa, na mbele yao wakaona majani mabichi yenye mwanga. Wakaja moja kwa moja.

Mzee Bronius alinikuta nimesimama katikati yao na ufagio ambao sikuwa nimeutumia. Tangu mkewe Aldona afariki, alikuwa na desturi ya kutembea kando ya mto asubuhi na mapema. Alichuchumaa kwa shida, magoti yake ya jukwaani yakilia, akaokota kindege kimoja cha manjano akakiweka kiganjani. Kilikuwa chepesi kiasi kwamba mkono wake haukujua kama umebeba kitu. Nikamsubiri aseme. Mtu aliyeusimanga mnara ule miaka mitatu, kama kuna siku ya kusema, ni hiyo.

Akatoa simu. "Daina," akasema, "njoo kwenye mnara wako. Usivae viatu vizuri." Akakata.

Kisha akaingia ndani. Kiapo chote kile, akaingia bila hata kupangusa miguu, akaniuliza, "Swichi kuu ya umeme iko wapi?"

"Chumba kimefungwa, mzee. Ufunguo sina."

"Nani anao?"

"Anakuja saa tatu."

"Saa tatu," akarudia, akitazama nje kupitia miti. *Tup*.

Daina alifika nywele zikiwa mbichi, koti limefungwa vifungo upande upande. Aliposhuka kwenye teksi alipiga hatua mbili akasimama, maana hapakuwa na pa kukanyaga. Baba yake akampa mfuko wa karatasi. Nilikuwa nimepata rundo la mifuko kwenye mkahawa wa jirani. Mwanamke aliyekuwa akipita na baiskeli alitufundisha: aliye hai mtie peke yake, kunja mdomo wa mfuko, mweke mahali pa giza, ukisikia anakwaruza ujue amezinduka. Tukaipanga mifuko chini ya meza yangu. Mingine haikukwaruza.

Walifanya kazi bega kwa bega. Kisha Daina akasema, bila kuinua kichwa, "Miti niliiweka kwa ajili yako, baba."

Mzee alikuwa na ndege wawili mkononi. Aliwaweka wale ndege chini polepole, akaenda hadi kwenye ndoo ya mwosha madirisha, akachota sabuni kwa mikono yote miwili, akaanza kuipaka kwenye kioo. Aliipaka kama mwashi, kwa viganja, safu kwa safu, kutoka chini hadi mkono ulipofika. Daina akaenda kumsaidia. Nami nikaleta ngazi. Na nawaambia ukweli, pale tulipopaka, ndege waligeuka. Niliona kwa macho yangu shomoro akija kasi, akaona weupe, akapinda kuelekea mtoni.

Tulikuwa tumepaka upana wa vioo vinne kati ya thelathini na sita, msimamizi wa jengo akafika. Jina lake Bi Prentiss. Si mtu mbaya. Aliziba mdomo kwa mkono alipoona chini, na macho yake yalilowa. Lakini alitazama saa.

"Odell, wakazi wanaanza kushuka. Kuna watoto wanaokwenda shule. Naomba kioo kioshwe, na hapa pafagiwe."

"Ukiosha watakufa wengine," Daina akasema.

"Najua, Daina. Lakini sina ruhusa ya kuacha kitu chochote kwenye kioo. Kitaharibu rangi yake ya juu, na dhamana itavunjika. Imeandikwa kwenye mwongozo." Akasita. "Mwongozo uliuandika wewe."

Daina akasimama na sabuni ikimchirizika hadi viwikoni. Ni kweli aliuandika.

"Basi zimeni taa," mzee akasema.

"Nimeshaomba. Watu wa Phoenix wanasema kubadilisha ratiba kunahitaji saini ya kamati ya wenye nyumba. Kamati inakutana mwezi ujao."

Mimi nilikuwa nimebakiza miaka miwili kupata pensheni. Nikachukua kifutio cha mpira na ndoo. Mzee alinitazama nikipanda ngazi. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Nikaifuta kazi ya mikono yake, safu kwa safu, kutoka juu hadi chini. Nilikuwa sijamaliza kioo cha kwanza, mmoja akagonga pale pale palipotakata, shubiri moja kutoka usoni pangu. Nikaendelea kufuta.

Kufikia saa tatu walikuwa mia tatu na kumi na wawili waliokufa, na hamsini na watano kwenye mifuko. Thelathini kati ya hao waliruka tulipowafungulia bustanini alasiri.

Kamati ilikutana Novemba. Daina aliomba kuzungumza, akawapelekea mfano wa utando wenye vidoa vidogo unaobandikwa nje ya kioo, vidoa ambavyo ndege huviona. Aliniambia baadaye kwamba walimsikiliza kwa adabu. Bwana mmoja wa ghorofa ya hamsini alisema amenunua mandhari ya ziwa, hakununua ziwa lenye ndui. Kura za kukataa zilikuwa tisa, za kukubali mbili. Walichokubali ni kuzima taa za ukumbi kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Miti ibaki, kwa kuwa wageni wanaipenda. Ofisini kwake Daina aliambiwa asizungumze na magazeti. Alifikiria kuacha kazi, akaniuliza maoni yangu, nikamwambia ukiacha, kioo kitabaki palepale. Hakuacha. Sijui kama nilimshauri vyema.

Masika ndege walirudi, wakielekea kaskazini. Taa zilikuwa zimezimwa na bado waligonga, wachache zaidi usiku, lakini jua likichomoza miti ilikuwa palepale. Daina na baba yake walikuja kila alfajiri na mifuko. Sasa mzee anaingia ndani kupata joto bila kuulizwa, anakaa kwenye kiti changu. Ile mizaha imekwisha. Alhamisi moja Daina alimchokoza makusudi, akamwambia Monadnock ni ghala la viazi, akamsubiri. Mzee alimkatia kugelis tu, akamwambia, "Kula, mwanangu, inapoa."

Wiki iliyopita mvua ilikatika ghafla asubuhi. Jua likatoka ziwani, na mnara wote ukashika rangi, chini zambarau, katikati waridi, juu kabisa dhahabu isiyo na jina, mawingu yakipita ndani yake taratibu. Watu upande wa pili wa mto walisimama kupiga picha. Daina alikuwa ameinama na mfuko mkononi. Akainua uso, akatazama, akasahau kuufunga mfuko.

"Bado nauona mzuri, baba," akasema, na sauti ilikuwa ya mtoto aliyevunja kitu. "Kila siku najiambia nitauchukia. Nifanyeje?"

Mzee aliinua kichwa, akautazama mnara ule hadi juu.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Mimi ningekuwa najua ningeshakwambia."

Mwanamke wa ghorofa ya arobaini akatoka kwenye lifti na mbwa wake, akanisalimia vizuri kama kawaida yake, akauliza kama nje kuna baridi. Nikamwambia kidogo, mama, jifunge shingo. Nikamfungulia mlango.