Abiria Kwanza

Mzee Mselem alikuwa amekalia kiti cha wateja tangu saa nane mchana, na Marcelline alikuwa ameshachoka kumwomba ahame. Saluni yenyewe, pale Alexandra, Johannesburg, ni kontena moja lenye viti vitatu na televisheni ukutani. Siku hiyo televisheni haikuonyesha filamu wala nyimbo. Ilionyesha reli: njia mbili, kokoto, na kipande cha jukwaa la stesheni ya matofali mekundu, katika mji mdogo wa Marekani ambako jua lilikuwa ndiyo kwanza linapanda. Wapenzi wa treni wa kule wamefunga kamera juu ya nguzo, na yeyote mwenye intaneti anaweza kutazama treni zikipita kwenye reli iliyolazwa kabla babu yake hajazaliwa.

"Muzee," alisema Gaudence, Mrundi aliyekuwa anasukwa, "hii filamu haina watu?"

"Watakuja."

"Tangu nimekaa hapa nangoja hata mbwa apite."

"Miye nilimwambia Papa Mselem, asubiri kwake," Marcelline alidakia, mdomo umebana nywele za bandia. "Anasema kwake hakuna network. Eish, kwangu iko ya bure!"

Mselem akaendelea kuikodolea macho reli. Kuna mtu mmoja tu aliyemtaka, naye ni Jumbe.

Jumbe alikuwa gadi wake kwenye reli ya Kigoma, miaka kumi na tisa. Kazi ilikuwa hivi: Jumbe akiridhika kwamba watu wote wamepanda, anainua bendera ya kijani, Mselem, dereva, anaiona, anajibu kwa honi, ndipo treni inaondoka. Bila bendera hakuna honi, na bila honi gadi hashushi mkono. Siku moja pale Kaliua wamechelewa saa tano, jua linachoma, Jumbe kashuka kumsaidia mama mwenye mapacha, na Mselem akashikwa na hasira zake. Akaondoa treni. Jumbe akabaki stesheni kama mzigo uliosahauliwa. Walipoulizwa ofisini, Mselem aliandika kwamba bendera aliiona. Jumbe akafukuzwa kazi, kwa kuonyesha bendera kisha kushindwa kupanda treni yake mwenyewe.

Miaka ishirini na miwili hawajasemezana. Mselem akaacha kazi, akazurura Zambia, akalinda magodauni huku Midrand, akazeeka. Jumbe akamfuata mwanawe Marekani, na huko kiharusi kikamchukulia maneno na kumpinda mdomo. Simu za picha hazitaki. Hataki kuonekana uso. Lakini mkewe, Mayasa, alileta ujumbe: siku tutakayopanda treni kwenda kwa binti yetu, atasimama jukwaani, kamera imwone kwa mbali. Kama amekusamehe atainua kijani. Wewe ukiona, piga simu. Ataishika mwenyewe mkononi, na mlio wake ndiyo honi yako. Usipige kabla, maana honi ya uongo anaijua.

Treni ilitakiwa ifike saa tisa na dakika kumi za Johannesburg. Saa tisa na nusu hamna kitu. Saa tisa na dakika arobaini ikaingia treni ya mizigo, makontena yamepandana mawili mawili, mabehewa hayaishi. Mselem akasimama.

"Haiwezekani!"

"Nini tena, Papa?"

"Mizigo inapita njia kuu, abiria iko wapi? Popote duniani abiria kwanza! Mizigo inawekwa pembeni, inangoja. Ukiona mizigo inapita wakati wa abiria, basi abiria haipo. Imefutwa!"

"Labda kule wako na utaratibu yao."

"Mama, mimi nimeendesha treni miaka thelathini. Usinifundishe."

Ikapita ya mizigo ya pili. Mselem akatukana kwa sauti ambayo Gaudence aliicheka, akatoka nje kwa hasira. Simu yake akaiacha kwenye chaji. Alivuka kwenye robot, taa za barabarani, akanunua sigara kwenye kiduka cha spaza, akavuta mbili akibishana peke yake huku taksi zikimpigia honi za kumwondoa barabarani.

Aliporudi, saa kumi na nusu, Marcelline alikuwa amesimama mlangoni na kitana.

"Papa, ulikuwa wapi? Treni yako ilikuja! Ile ya watu!"

"Ilikuja?"

"Miye ningekuita na nini? Simu yako iko hapa! Na mikono yangu iko kwa kichwa ya mutu!"

Marcelline akairudisha picha nyuma kwa rimoti. Hiyo hapo, treni ya abiria, yenye mabehewa ya ghorofa, imechelewa saa nzima kwa kupisha mizigo. Mlango unafunguliwa. Mzee mwembamba mwenye koti kubwa anasimama pembeni, mkono mmoja una simu, mwingine unainua kitambaa cha kijani. Anainua na kungoja. Mfanyakazi wa treni anamwonyesha mlango. Mama wa kitenge anamvuta mkono. Mzee hatikisiki. Mlango unafungwa, treni inaondoka, naye yuko pale pale.

"Ya Allah," alisema Mselem. "Nimemwacha tena."

"Weka ya sasa hivi!" alisema Gaudence, ambaye hacheki tena.

Marcelline akabonyeza. Jukwaa, mabegi mawili, na mzee yule yule, mkono bado juu.

Mselem akapiga. Ililia mara moja tu, ikapokelewa, kisha sauti ya Mayasa ikatoka.

"Sasa ndiyo unapiga? Treni imeondoka robo saa iliyopita! Mwanamume huyu kanigomea kupanda, na hata simu imelia hashushi mkono!"

"Shemeji, mwekee sikioni. Mwambie... hapana, nitasema mwenyewe. Jumbe, siku ile ya Kaliua bendera sikuiona. Hukuinua. Niliandika uongo."

Ngurumo ikajaa kwenye simu.

"Unasemaje?" Mayasa alipiga kelele. "Treni inapita hapa, hatukusikia! Sema tena!"

Picha ya kamera ile huchelewa kama nusu dakika. Kwenye televisheni Jumbe alikuwa bado amesimama mkono juu kwenye mwanga wa asubuhi, reli ikiwa tupu. Halafu injini ikaingia njia ya karibu na makontena yakalifunika jukwaa lote.

"Mizigo tena!" Mselem akaufokea ukuta. "Tokeni mbele yangu!"

"Sema, Papa," Marcelline alimwambia taratibu. "Atasikia."

Basi akasema tena, kwa sauti ya kushinda injini, mbele ya wanawake wawili na mlango wazi wa mtaani. Kwamba aliandika uongo. Kwamba mwenzake alipoteza kazi kwa ajili ya uongo huo.

Ngurumo ikapungua simuni. Kwenye televisheni mabehewa yalikuwa bado yanakuja.

"Shemeji," alisema Mayasa, "ameshusha mkono."

"Anafanya nini? Mimi sioni kitu, naona makontena tu!"

"Amekaa juu ya begi. Anacheka au analia, sijui, na mdomo wake huu. Na treni nyingine ni kesho, muelewe. Mmenikwamisha hapa na mabegi, wazee wawili mabara mawili!"

"Kesho saa ngapi?"

"Saa ile ile. Na ikichelewa, Mselem, ungoje. Huku mizigo ndiyo ya kwanza."