Begi la Pili Lilikuwa Jepesi

Hapana, sikulia. Aliyekwambia nililia ni baba yako, na baba yako siku ile hakuwa na uso wa kumsimulia mtu chochote. Mimi nilikaa tu chini. Miguu ilikataa kazi, nikakaa sakafuni katikati ya soksi na sabuni, kama gunia lililotobolewa na panya. Mtu akikaa chini si lazima awe analia, mjukuu wangu.

Ngoja nikueleze mwenyewe, maana ukiwaachia wao watakupa nusu.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, na shangazi yako anaondoka Jumatatu. Mumewe alishatangulia huko ng'ambo, na shangazi yako akapata kazi ya uuguzi kwenye hospitali ya hukohuko, leo zamu ya mchana, kesho ya usiku. Kale katoto kake kalikuwa na miezi mitano. Nani atakashika mama yake akiwa zamu na baba yake yuko kazini? Sikuuliza. Hapo nakubali, kosa ni langu. Akili yangu yote ilikuwa kwenye mizigo.

Mizigo ndiyo shule yangu. Ile nyingine niliishia darasa la tatu. Miaka thelathini na miwili nimefunga mizigo ghalani, magunia, makasha, kila unachokijua. Na tulikuwa na utaratibu wetu: mmoja anataja, mwingine anatia, wa tatu anashona. Kisichotajwa hakiingii. Ndiyo maana shangazi yako aliniambia, "Baba, utafunga wewe, mimi nitavuruga." Nikafurahi kama mtoto. Nikatoa mizani yangu ya ndoano, nikavua shati, nikaanza.

Begi la kwanza lilikwenda vizuri. Yeye anataja, mimi natia. Viatu vya kazini jozi mbili, nikavijaza soksi ndani, nafasi isipotee. Nepi. Taulo. Chaja nikaiviringisha kwenye fulana. Sufuria ndogo tukagombania kidogo, nikamuuliza kwani huko wanapikia kofia? Akasema sufuria zipo, ila hii ameizoea. Haya, iingie, na ndani yake nikatia miswaki na dawa ya meno. Vyeti nikamkatalia visiingie begini kabisa, vyeti vinakaa na mwenyewe. Nikapima: kilo ishirini na mbili na nusu, na ruhusa ni ishirini na tatu. Nikajiona mwanamume.

Hapo mtoto akachafua nepi, shangazi yako akaenda kumbadilisha. Begi la pili lilikuwa limeegemea ukuta, limeshafungwa. Nikalitundika kwenye ndoano. Kilo kumi na nne. Nikasema nani huyu kafunga mzigo nusu, kilo tisa anamwachia nani? Nikafungua zipu.

Juu kabisa kulikuwa na gauni la kijani. Nalijua gauni lile. Lina kiraka kwapani nilichokishona mimi kwa uzi wa magunia, na bibi yako alinicheka wiki nzima. Nikadhani shangazi yako anachukua nguo ya mama yake ya ukumbusho, watoto wa kike wana mambo hayo. Nikalitoa. Chini yake gauni jingine. Chini yake nguo za ndani, nikazirudisha haraka. Kitana chake. Chupa ya dawa ya mgongo, ile ninayompaka mimi kila jioni. Miwani ya kusomea. Na mfukoni mwa begi, pasipoti mpya. Nikaifungua. Bibi yako huyo, ananitazama hacheki.

Picha ile nilishaiona. Alinionyesha mwenyewe, nikamwambia umependeza, nikaendelea na chai yangu.

Hapo ndipo miguu ilipokataa. Na kila kitu kikaanza kunirudia pale chini. Viatu vya kufunika alivyonunua wakati hapendi viatu vya kufunika. Mwezi mzima ananifundisha kuwasha jiko la gesi na kupika wali, mimi nadhani amechoka na mimi. Mtu mzima mwenye macho mawili, nikawa sioni.

Bibi yako akaingia na nguo nyingine mkononi. Nikamwuliza, "Hili begi la nani?"

"Langu."

"Unakwenda wapi?"

Akaikunja upya ile nguo ya mkononi. Shangazi yako akatokea mlangoni na mtoto begani, akasema polepole, "Baba, si unajua? Si kaka alikwambia?"

Basi jambo likafunguka. Nyumba hii, mjukuu wangu, habari nzito ya kumfikia mzee inapita kwa mtoto mkubwa. Ndivyo walivyojizoesha, na mimi niliwaacha. Miezi mitatu nyuma walimtuma baba yako aje anieleze. Akaja kweli. Akanikuta na redio, mpira unaingia penalti. Akasema, "Mzee, kuna jambo." Nikamwambia subiri kwanza. Akasubiri, akanywa chai vikombe viwili, timu yangu ikafungwa, nikanuna, naye akaona leo si siku. Akarudi akawaambia mzee amekubali. Bibi yako akadhani nimeridhika ila sitaki kuzungumza. Mimi nikadhani hakuna la kuzungumza. Miezi mitatu tunalala kitanda kimoja hivyo.

Na baba yako alikuwepo! Alikuwa jikoni anarekebisha bomba, si ndiye fundi bomba wetu. Alichungulia mara moja na spana yake, akaniona sakafuni, akarudi chini ya sinki kama panya aliyeona paka. Bomba lile lilitengenezwa saa nzima, na lilikuwa linavuja tone.

Bibi yako akakaa chini mbele yangu. Magoti yanamuuma, lakini akakaa. Akasema, "Sikia baba watoto. Hukuambiwa, basi nakwambia sasa. Ni mwaka mmoja, mpaka mtoto atembee. Nikibaki, huyu ataacha kazi kabla hajaianza. Lakini ukisema nisiende, siendi. Nitazitoa nguo zangu mwenyewe, na hutanisikia nikinung'unika."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Miaka arobaini na moja. Tangu tuoane, usiku aliolala nje ya nyumba yangu ni wa kujifungua tu, na mara zote mbili nilikaa nje ya wodi mpaka mlinzi akanizoea. Nikamtazama yeye, nikamtazama shangazi yako anavyombana mtoto kifuani. Na mtoto, hana habari, anatafuna ukosi wa mama yake.

Nikasema, "Kwa nini hukuniuliza wewe?"

"Niliogopa utakataa," akasema. "Halafu niliogopa zaidi ulivyokubali upesi."

Hilo lilinichoma. Kumbe mwenzangu alikuwa anakwenda huku anadhani hata sijali. Nikamwambia, "Sijakubali upesi. Nakubali sasa, na naumia." Akainamisha kichwa. Kulia alilia yeye, kama unatafuta wa kulia.

Baadaye nikamwuliza sweta liko wapi, huko si kuna baridi? Hana. Nikaenda kuchukua koti langu la ghalani, lile zito, nikalikunja. Akasema litamchekesha mtu. Nikasema wacheke, lina mifuko sita. Dawa za presha hakutia, nikatia za miezi mitatu na karatasi ya daktari. Zipu ikanishinda, shangazi yako akaifunga.

Wali na maharage vilikuwa mezani tangu saa sita, sasa ni saa tisa, vimepoa kabisa. Nikamwita baba yako atoke chini ya sinki. Akaja na mikono imelowa, akatafuta kiti cha mbali. Nikamwambia, "Njoo hapa karibu, mjumbe." Shangazi yako akacheka kwanza, halafu na baba yako mwenyewe. Mtoto tukamlaza kwenye mto. Bibi yako akawa bado anazunguka, mara chumvi, mara maji, kama kawaida yake, wa mwisho kukaa. Nikamvutia kiti, nikamwambia aache, leo nitapakua mimi. Akakaa. Nikapakua, nikamwaga maharage kidogo mezani. Tukala.