Anayewafundisha Watoto Maana

Donge lililomkaa rohoni mwalimu wa chuo cha Kurani halikuwa la mtu baki. Lilikuwa la mdogo wake, tumbo moja. Yeye ndiye aliyemshika kidole akamfundisha alifu na be. Kijana akaenda ng'ambo kusoma, akarudi na kufungua madrasa mtaa huohuo: madawati, ubao mkubwa ukutani, hesabu, jiografia. Na kubwa zaidi, kila aya aliieleza maana, hata kwa watoto ambao hawajamaliza juzuu moja. Chuoni kwa kaka yake mtoto hukaa mkekani, huhifadhi, hukhitimu, ndipo akijaaliwa huulizia maana. Mwalimu mwenyewe hakujaaliwa kufika huko, na hilo halikumkera mpaka mikeka yake ilipoanza kubaki mitupu.

"Kaka, njoo tusomeshe pamoja," mdogo wake alimsihi. "Sauti kama yako mimi sina."

"Mimi, nikae kwenye dawati?"

Akarudi nyumbani, akasusa chakula.

"Wivu huo, mume wangu," mkewe alimwambia.

"Wivu wa nini? Mimi naitetea dini."

"Haya. Itetee ukiwa umeshiba."

Haukupita muda, akaitwa kwa Bwana Shauri, Mzungu aliyeushika mji mzima mkononi. Mkalimani akauliza, "Bwana anataka kujua, mdogo wako anafundisha nini?"

Mwalimu aliona zamu yake imefika. Akachagua kosa ambalo kwake ndilo zito kuliko yote.

"Anawafundisha watoto maana. Kila aya, maana. Sasa wanahoji kila kitu."

Alitarajia mdogo wake akemewe tu, madawati yatolewe, yaishe. Bwana Shauri aliweka kalamu chini.

"Na wewe?" mkalimani akauliza.

"Mimi nasomesha tu. Wanahifadhi."

Mzungu akatabasamu kwa mara ya kwanza, akasema maneno machache.

"Bwana anasema wewe huna neno. Angependa walimu wote wawe kama wewe."

Kesho yake madrasa ilitiwa kufuli, na mdogo wake akapelekwa uhamishoni, askari kushoto na kulia. Alipopita mbele ya chuo alimwamkia kaka yake kwa adabu ileile ya siku zote.

Watoto walirudi, mikeka ikajaa mpaka kizingitini. Alikuwa amepata kila alichokitaka. Lakini alipotazama nje aliwaona watu wazima wakifika kwenye mlango uliofungwa, wakishusha sauti, wengine wakisimama kumwombea dua aliyeondolewa. Mlangoni kwake walipita wakicheka na kuzungumza bei za vitu.

Akaanza kusomesha, na donge likampanda upya, safari hii zito zaidi. Serikali nzima, na bunduki zake, ilikuwa imemwogopa mdogo wake. Yeye ilimtabasamia. Alilionea wivu hata lile kufuli.