Zamu ya Kuku Watano

Kuku walikuwa watano, wiki ya tatu inaisha, na yai hakuna. Siyo dogo, siyo bovu. Hakuna.

Spana, fundi wa pikipiki, aliwanunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama. Kule kwa mwalimu aliwaona kwa macho yake mwenyewe wanataga, trei imejaa. Ila tuseme ukweli, hakuwanunua kwa ajili ya mayai. Aliwanunua kwa ajili ya baba yake. Mzee alilinda ghala la saruji miaka thelathini na moja, zamu ya usiku tu, na tangu astaafu alikuwa anakaa kwenye kiti sebuleni anaukodolea ukuta macho kama anaudai maelezo.

Kuku walipoingia uani, mzee akanyoa ndevu. Akalitoa koti lake la kazi kwenye sanduku, akalikung'uta, akajenga banda kwa siku moja. Spana akasema moyoni, hapa dawa imekubali.

Lakini Jumatano asubuhi, wako kwenye chai, mzee akaweka kikombe chini. Macho yake yalikuwa mekundu, na Spana alishazoea kuyaona hivyo siku hizi. Alidhani ni uzee.

"Jumapili naenda kwa dada yako."

"Kufanya nini?"

"Kukaa. Nilidhani hapa nimepata kazi. Kazi gani haizai kitu? Hao kuku wachinje, mle na mafundi wenzako."

"Baba, kwa dada ulikaa mwezi mmoja, ukarudi umekonda kama waya wa klachi."

"Ngazi zao nyingi."

"Ghorofa ya nne, kutwa unaangalia mapaa ya watu. Kule hukai."

"Hata hapa naangalia matako ya kuku," mzee akasema, akachukua kikombe chake.

Spana ni mtu wa kujibu hata asipoulizwa. Shule yenyewe aliiacha kwa sababu ya mdomo. Lakini hili lilikuwa zito. Utoto wake wote, baba alikuwa ni mlango unaofungwa jioni na mgongo uliolala mchana. Mama, Mungu amrehemu, kazi yake ilikuwa kuwanyamazisha watoto: nyamazeni, baba yenu kalala. Sasa ndiyo kwanza, mtu mzima ana ndevu zake, anakunywa chai na baba yake uso kwa uso. Mzee akipanda ile ghorofa, chai hiyo imekwisha. Utamwambiaje mzazi maneno kama hayo? Spana akanawa kikombe, akaenda gereji.

Mchana akapita kwa mama muuza chakula cha kuku, mwanamke anayejua kuku kuliko anavyojua wateja wake.

"Mama shikamoo. Wale kuku bado wamegoma."

"Marahaba. Umewahamisha lini?"

"Wiki ya tatu hii."

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, mwanangu. Akihama anakaa anashangaa kwanza. Wananyonyoka manyoya?"

"Hapana."

"Maji wanapata? Chakula ni kile nilichokupa, au umewachanganyia makombo?"

"Ni kile kile. Maji mzee anabadilisha mara tatu."

"Panya? Paka? Kitu kinachowatisha?"

"Panya atapita wapi? Baba yangu ni mlinzi. Analala na tochi kama wengine wanavyolala na mke."

Mama akaacha kupima pumba. "Sasa hao kuku wanalala saa ngapi?"

"Nitajuaje? Mimi nikilala ni gogo."

"Kaulize anayejua. Kuku asiyelala hatagi. Hata wewe ukikesha, kesho nati unaifunga kidoleni."

Spana akarudi nyumbani na mafuta yake mikononi. Mzee alikuwa kwenye kiti, kichwa kifuani, anakoroma. Uani, kwenye msumari wa banda, lilining'inia daftari. Spana alikuwa analiona kila siku, hajawahi kulifungua. Akalifungua.

*Saa tano usiku. Kuku 5. Nimewamulika. Wote macho.*

*Saa sita. Kuku 5. Nimewamulika. Wote macho.*

*Saa saba. Kuku 5. Mweupe amesinzia. Nimegonga banda, ameamka. Hali shwari.*

Hivyo hivyo kila saa mpaka alfajiri, kurasa kwa kurasa, wiki tatu. Kule ghalani mlinzi akikutwa amesinzia alikuwa anafukuzwa asubuhi yake. Mazoea yana taabu. Mzee aliwafanya kuku kuwa walinzi wenzake.

Spana akacheka peke yake, halafu akaacha. Akaingia ndani, akamgusa bega.

"Baba. Wale kuku hawalali."

"Hawalali," mzee akasema kwa majivuno, hata macho hajafungua vizuri. "Hata unyoya haujaibiwa."

"Ndiyo maana hawatagi. Unawaamsha kila saa."

Mzee akaitazama tochi iliyokuwa mapajani mwake. "Kwa hiyo ni mimi."

"Ni wewe."

Mdomo huo, umeshatoka mbio. Mzee akashika mikono ya kiti, anainuka. "Basi Jumapili mbali. Nitaondoka kesho."

"Kaa, baba, sijamaliza. Kuku anataga mchana. Mchana mimi niko gereji, wewe umelala. Kuna paka wa jirani, kuna kunguru, na yai likikaa sana kuku wenyewe wanalidonoa. Siku mayai yakianza kutoka, banda halina mtu. Umelinda saa ambazo hakuna cha kuiba."

Mzee akaigeuza tochi mkononi.

"Zamu ya mchana sijawahi kupangiwa."

"Nakupangia."

"Wewe nani?"

"Mwenye kuku."

"Andika."

Spana akaandika kwenye daftari, mwandiko kama kuku mwenyewe kapita: kuanzia leo mlinzi anahamia mchana, usiku alale. Mzee akasoma mara mbili. "Tarehe," akasema. Spana akaweka tarehe, na kidole cha grisi pembeni.

Jumapili ikafika bila yai. Dada akapiga simu kuuliza kama atandike kitanda. "Niko kazini," mzee akamjibu. "Mtu haachi zamu aliyopangiwa juzi." Akakata. Asubuhi akawa anakunywa chai macho meupe, na anaongea kweli kweli, habari za ghalani za miaka hiyo, mpaka Spana anachelewa gereji.

Siku ya kumi, Spana akaja kula mchana, akamkuta mzee amesimama mlangoni na koti lake, amelifunga vifungo vyote na jua lote lile. Akampa daftari.

*Saa nne na nusu asubuhi. Mweupe ametoa yai moja. Nimelishika, la moto. Kunguru mmoja alikuja, amerudi alikotoka. Hali shwari.*

Yai lilikuwa mfukoni mwa koti, limefungwa kwenye leso.

"Lete tulikaange," Spana akasema.

"Utapokeaje mzigo bila saini?" Mzee akampa kalamu. "Weka hapa chini. Halafu washa jiko."

Spana akasaini.