Sauti ya Karangwa

Jumamosi asubuhi, kwenye soko la Kamembe, muuza nguo mmoja alifungulia wimbo wa Karangwa, na shomoro wote waliokuwa kwenye nyaya za umeme wakaondoka. Hakuna aliyeinua kichwa. Nyimbo za Karangwa zilifukuza ndege tangu zilipoanza kutoka, na wauza nafaka walizipiga mchana kutwa kwa sababu hiyohiyo.

Jolie alipita akielekea mazoezini. Alikuwa mwimbaji wa harusi, aliyekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na kurudi Rwanda na wazazi wake akiwa msichana. Alizijua nyimbo zote za Karangwa, kama wanamuziki wote wa Rusizi. Wengine walivuka mpaka kuja kugusa tu mlango wa studio yake. Walisimulia jinsi prodyuza huyo alivyokaa siku nzima bila kusema neno, akielekeza kwa vidole. Mwimbaji akikosea, Karangwa alifumba macho, akipatia, aliyafumbua. Ukimya ule waliuona ndio kipaji chenyewe.

Kitu kingine walichokihusudu ni sauti. Yeyote aliyeimba wimbo alioutunga Karangwa, hata awe mwanamume mwenye ndevu, ilimtoka sauti ileile moja: ya mwanamke mtu mzima, pana, yenye mkwaruzo. Ilikohoa kidogo kabla ya kiitikio, na mwishoni ikapaza, "Hooo! Hooo!" Wanamuziki waliiita saini ya Karangwa.

Siku hiyo walikuwa wakijiandaa kwa sherehe ya kumuenzi. Manzi, mwenye besi nzito kuliko wote mjini, aliimba kwa sauti ya yule mwanamke, kisha akashuka jukwaani akijifuta jasho.

"Papa Karangwa iko fundi," alisema kwa besi yake. "Hata kikohozi anakipanga."

Jolie naye alikuwa amekohoa kikohozi hicho mara nyingi. Kilimkwaruza mahali ambapo koo lake halijawahi kuuma. "Lakini ni cha nani?" aliuliza.

"Unataka kujua ya nini? Wimbo unapendeza."

Jolie alitaka kujua. Aliporudi sokoni aliwauliza akina mama wauza mchele, akiwapigia ule ukelele wa mwishoni. Walicheka. Mmoja akasema kwamba hivyo ndivyo wanavyofukuza ndege kwenye mpunga, kule Bugarama. Jolie akapanda basi.

Kwenye tambarare, mashamba yalikuwa yamejaa wanawake wakipaza sauti. Ni mmoja tu aliyekuwa kimya, akigonga kopo kwa jiwe. Jolie akamwendea.

"Jambo, Maman."

"Jambo, mwanangu," alijibu mwanamke yule, jina lake Nyiramahoro, kwa sauti ya mwanamume. Ilikuwa sauti laini, ya mtu aliyezoea kubembeleza.

"Hiyo sauti ni ya nani, Maman?"

"Ya Karangwa. Alikuya na mashini yake ya kurekodi, mpunga unachanua. Akaniambia, Maman, imba tu, usiogope. Nikaimba mpaka jua likawa kali. Akaenda zake. Nikataka kufukuza ndege, nikasikia ni yeye anafukuza."

"Na hakurudi?"

"Hapana. Labda hii sauti yake haina kazi kwake." Aligonga kopo. "Ndege habaiogope. Banakula tu."

Wenye mashamba jirani waliokuwa wakimpa kazi walikuwa wamekwisha kutafuta mtu mwingine. Nyiramahoro alibaki na kipande chake mwenyewe, na hicho nacho nusu yake iliishia matumboni mwa ndege.

"Unataka nikusaidie nini, Maman?"

Nyiramahoro alifikiri. "Kuikosa nilishazoea. Nataka batu bajue ni yangu. Basi."

Jolie alienda studio akamweleza Karangwa yote, kwa adabu, akiwa amesimama. Karangwa alifumba macho, wala hakuyafumbua mpaka Jolie alipotoka.

Kwa hiyo siku ya sherehe Jolie alimleta Nyiramahoro mwenyewe, akamkalisha safu ya pili. Ukumbi ulijaa. Wanamuziki walipanda mmoja mmoja kusema alichowafundisha Karangwa, na kabla ya kushuka walimgusa bega, pale jukwaani alipoketi. Mwishoni mshereheshaji akamwomba mheshimiwa aseme japo neno moja. Karangwa, ndani ya suti nyeupe, alitazama mikono yake.

Nyiramahoro akasimama.

"Ile sauti munaimba nayo ni yangu," alisema. "Jina yangu Nyiramahoro. Niko wa Bugarama. Alinikuta shambani, akaichukua."

Watu waliosoma na Karangwa waliitambua sauti yake papo hapo. "Amesema!" mmoja alipiga kelele. Ukumbi mzima ukainuka, nyuso zote zikielekea jukwaani. Manzi alilia. Walielewa kwamba mtu mkubwa kama yule amejishusha mpaka kujiita mwanamke wa mashambani, na walipiga makofi mpaka viganja vikawawasha. "Nyiramahoro! Nyiramahoro!" waliita, na Karangwa akainama kushukuru. Toka siku hiyo lile likawa jina lake la heshima.

"Mdomo wake haukufunguka," Jolie alimwambia Manzi.

"Nimeona," Manzi alijibu. "Ndiyo maana tunamuheshimu."

Jolie alimsindikiza mgeni wake mpaka kwenye kituo cha mabasi.

"Baliita jina yangu," alisema Nyiramahoro.

"Walimwita yeye, Maman."

"Nilisikia." Alipanda, akapata kiti cha dirishani, akashusha kioo. "Wewe utaimba kwake?"

Jolie alimpungia mkono. Basi likaondoka.

Jumanne ilikuwa zamu ya Jolie kurekodi. Alikuwa ametunga wimbo wake wa kwanza, na huko Rusizi redio hazikujali wimbo ambao haukupita mikononi mwa Karangwa. Alifika studio mapema, akamkuta prodyuza akinyoosha waya wa maikrofoni. Aliomba dakika chache, akatoka nje, akampigia mama yake aliyekuwa Gitambi. Alimsimulia juu ya mvua, juu ya bei ya nyanya, juu ya jirani aliyenunua mbuzi.

"Kuna nini, Jolie?" mama yake aliuliza.

"Hakuna kitu, Maman. Nataka tu uisikie sauti yangu."

Akaongea mpaka salio likaisha. Kisha akaingia ndani.