Fundi Yuko Njiani

Kazi yangu ni kudanganya kwa adabu. Lifti ikikwama popote mjini, simu inalia kwangu, na nimefundishwa jibu moja tu: "Fundi yuko njiani." Mafundi ni wawili, lifti mia tatu. Piga hesabu mwenyewe. Miaka sita nimekaa kwenye kiti hicho, hedifoni kichwani, ukuta puani, na msimamizi wetu anasikiliza kila simu kutoka chumba cha pili. Tunamwita Masikio. Kuacha siwezi, baba watoto hana kazi tangu kiwanda chao kifungwe, na watoto wanne hawashibi hasira zangu.

Mgongo ulipokataa kunyooka, nikaenda yoga. Nilitegemea kukuta mtu mwembamba kama uzi. Kumbe mwalimu ni mzee mwenye kitambi, muuguzi mstaafu, vidole vyake vya miguu havigusi. Nikajisemea, hapa nimeliwa. Wiki ya kwanza hatukunyoosha hata mkono.

"Kwanza usimuumize mtu," alisema. "Pili usiseme uongo. Ukiishi hivyo kutwa nzima, hiyo ndiyo yoga. Kuinama ni nyongeza."

"Mwalimu, mimi nimekuja kwa ajili ya mgongo."

"Na huo mgongo umebeba nini?"

Nusura nimrushie mkeka. Lakini maneno yake yaliniganda. Kila nikisema fundi yuko njiani, kiuno kinauma. Labda ni mawazo yangu tu, sijui, ila kiliuma.

Jumanne moja asubuhi akapiga mama mmoja mtu mzima. Amekwama peke yake, ghorofa ya tano, anahema kama aliyekimbizwa. "Mwanangu, hewa inakwisha humu!"

Kwenye kompyuta yangu niliona mafundi wote wawili wako upande wa pili wa mji. Masaa matatu, si pungufu. Nikafungua mdomo nitoe lile jibu, likagoma. Nilijionea aibu, jamani.

"Mama, hewa ipo, inaingia kwenye mianya ya mlango. Lakini sikufichi: fundi hajaondoka. Hata hajui kama uko humo."

"Ee, afadhali umeniambia ukweli."

Tukavuta pumzi pamoja, mimi nahesabu nne, yeye nne. Alipotulia nikamwambia agonge mlango kwa kiatu na kupiga kelele majirani wasikie, nami nikawaita zimamoto. Baada ya dakika ishirini alikuwa nje. Nililia kwa furaha pale pale kitini. Na mgongo, mwepesi!

Masikio akaniita ofisini. Nikajua kibarua kimeota nyasi, nikaanza kupanga maneno ya kumwambia baba watoto. Kumbe bwana anatabasamu. Yule mama alikuwa amempigia mkurugenzi kunisifu.

"Hizo pumzi zimempendeza sana mkurugenzi," alisema. "Kuanzia Jumatatu utawafundisha wasichana wapya. Mteja akipumua vizuri halalamiki. Anasubiri hata masaa manne."

"Lakini kilichomtuliza ni ukweli."

"Huo ukweli uache huko huko kwenye mkeka wako. Tunataka pumzi tu. Na kama hutaki, wanaotaka wamejaa mlangoni."

Nikasema sawa. Ningesema nini?

Jumatatu wasichana wanane wakakaa mbele yangu, wamefumba macho, wanahesabu nne. Masikio kaegemea mlango, kakunja mikono kifuani. Mmoja, mdogo kuliko wote, akafumbua macho.

"Samahani dada. Tukiwaambia fundi yuko njiani, huwa yuko kweli?"

Nilitamani kumkumbatia, na papo hapo nilitamani anyamaze. Nikamtazama Masikio. Nikawafikiria wanne wangu.

"Yuko," nikamjibu. Sauti ilitoka laini, imetulia, wala haikutetemeka. Yule binti akaniamini, akafumba tena macho.